Jaa la Dandora na Pipa la Los Alamos: Nani Aulizwe?

Serikali inaposhika kitu cha hatari, mwananchi ana haki ya kuuliza swali moja kabla ya mengine yote: mambo yakienda mrama, nani ataulizwa? Nchini Kenya swali hilo lina uzito mpya kwa sababu serikali imekuwa ikipanga kujenga kinu cha kwanza cha nyuklia cha kuzalisha umeme. Mnamo 2024 wakazi wa Uyombo, Kilifi, waliandamana kupinga kinu hicho kujengwa kwao, na baadaye mazungumzo yakahamia Siaya. Wengi wamejadili mionzi, samaki na bei ya umeme. Wachache wamejadili rekodi ya serikali katika kusimamia vitu vya sumu ilivyo navyo tayari, ilhali rekodi hiyo iko wazi katika jaa la taka la Dandora, mashariki mwa Nairobi. Nitaisoma sambamba na rekodi nyingine, ya maabara ya silaha za nyuklia ya Los Alamos nchini Marekani. Zikiwekwa pamoja, rekodi hizo zinaonyesha kwamba hatari hukua pale mwenye kusimamia anapojikagua mwenyewe, na kwamba wataalamu wengi na fedha nyingi haviwezi kuziba pengo hilo.

Tuanze na Los Alamos. Maabara hiyo iliundwa 1943 ili kutengeneza bomu la atomiki, na hadi leo ni mali ya serikali lakini huendeshwa kwa kandarasi. Chuo Kikuu cha California kiliiendesha tangu mwanzo hadi 2006, kisha ikachukuliwa na kampuni iliyoundwa na chuo hicho pamoja na Bechtel na wenzao. Ni mahali penye wanasayansi wengi, walinzi wengi na siri nyingi. Hata hivyo, Julai 2004 karibu kazi zote za maabara zilisimamishwa kwa sababu diski mbili za siri zilikuwa hazionekani. Uchunguzi ulipokamilika mwaka uliofuata, ilibainika kwamba diski hizo hazikuwahi kuwepo. Namba zake za utambulisho ziliandikwa kwenye daftari la mali, lakini zenyewe hazikutengenezwa kamwe. Kwa kosa hilo la uhasibu wa vitu vya siri, chuo kilikatwa takriban theluthi mbili ya malipo yake ya usimamizi ya 2004.

Miaka kumi baadaye kosa lilikuwa la mikono. Maabara ilikuwa ikifunga mapipa ya taka za plutoniamu zenye chumvi za naitreti, na ili kunyonya unyevu ilitumia chembechembe wanazowekewa paka wa ndani kujisaidia. Chembechembe za udongo hazina neno. Lakini maagizo ya kazi yalitaja aina ya kioganiki, na iliyonunuliwa ilitengenezwa kwa ngano. Ngano ikichanganyika na naitreti huzalisha joto. Usiku wa Februari 14, 2014, pipa moja lilipasuka ndani ya ghala la taka za nyuklia liitwalo WIPP, zaidi ya mita 600 chini ya ardhi katika jimbo la New Mexico. Wafanyakazi zaidi ya 20 walipatikana na chembe za mionzi mwilini, ingawa kwa viwango vidogo, na ghala likafungwa kwa takriban miaka mitatu. Kosa hilo lilipita mbele ya macho ya wakaguzi kadhaa.

Lililofuata ndilo linalotuhusu zaidi. Bodi ya uchunguzi ilitoa ripoti hadharani, ikitaja hatua kwa hatua mahali usimamizi uliposhindwa. Kampuni iliyoendesha maabara ilikosa takriban asilimia 90 ya malipo ambayo ingepata mwaka huo, na kandarasi yake haikuongezwa. Mwaka 2018 kampuni nyingine ikaichukua kazi. Serikali ya jimbo, ambayo haiwajibiki kwa Wizara ya Nishati ya Marekani inayomiliki maabara, iliibana wizara hiyo hadi ikakubali kugharamia miradi ya zaidi ya dola milioni 70 katika jimbo. Simtukuzi Mmarekani, maana uzembe wenyewe ulikuwa wa aibu, na maabara hiyo imelaumiwa tena na tena tangu hapo. Ila kosa lilipotokea, kulikuwa na mtu wa nje mwenye nguvu ya kuuliza, kulikuwa na fedha za kukatwa, na kulikuwa na jina la kampuni la kuandikwa kwenye ripoti.

Sasa tugeukie Dandora. Mtaa huo ulianzishwa miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, watu wa kipato kidogo wakigawiwa ploti zenye maji na choo ili wajijengee nyumba wenyewe. Katika miaka hiyohiyo Baraza la Jiji lilianza kumwaga taka kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa kando ya Mto Nairobi, ng'ambo ya Korogocho. Mnamo 2001 jaa hilo la takriban ekari 30 lilitangazwa kuwa limejaa, lakini malori hayakusimama. Kama ilivyokuwa kwa pipa la Los Alamos, sumu hapa ni mchanganyiko. Betri, rangi za viwandani, sindano na bandeji za hospitali humwagwa juu ya maganda ya viazi na chupa za plastiki, kisha vyote huchomwa pamoja, na moshi huingia madarasani. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao makuu Gigiri katika jiji hilohilo, lilitoa matokeo ya uchunguzi wa watoto 328 wanaoishi na kusoma karibu na jaa. Nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu ya kiwango cha mikrogramu 10 kwa desilita au zaidi, kiwango kilichohesabiwa wakati huo kuwa cha hatari. Tangu hapo Marekani imeshusha kiwango chake cha tahadhari hadi 3.5, na wanasayansi wanasema hakuna kiwango cha risasi kilicho salama kwa ubongo wa mtoto.

Ushahidi huo ulipaswa kumtikisa mtu, lakini haukuwa na wa kumtikisa. Mpango wa kuhamishia jaa Ruai ulikwama kwa pingamizi za wasimamizi wa usafiri wa anga, waliohofia kwamba makongoti yanayofuata taka yangegongana na eropleni zinazotua katika uwanja wa ndege wa JKIA. Ilikuwa hofu ya haki, lakini sijaona aliyepewa jukumu la kutafuta mahali pengine na tarehe ya kutimiza. Kisha Julai 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi, katika kesi ya wakazi walioshtaki uchafuzi wa mito ya Nairobi na Athi, iliagiza jaa la Dandora lifungwe na kuhamishwa ndani ya miezi 6. Mzigo huo uliiangukia NMS, idara iliyoundwa 2020 kuendesha huduma za jiji. Miezi 6 ikapita. Mwaka 2022 NMS yenyewe ikavunjwa, na huduma zikarejea kwa serikali ya kaunti. Amri ikabaki, aliyeamriwa akatoweka. Sijasikia afisa aliyekatwa mshahara wala aliyetakiwa kueleza hadharani kwa nini amri ya mahakama haikutimizwa.

Wapo watakaosema kinachokosekana ni fedha, na kwamba jaa la kisasa lenye tabaka la kuzuia sumu kupenya ardhini ni ghali. Ni kweli, ni ghali. Lakini kutoa taarifa kila baada ya miezi mitatu kuhusu utekelezaji wa amri ya mahakama hakugharimu zaidi ya karatasi, na hata hilo halijafanyika kwa namna ambayo mkazi wa Dandora angeweza kulisoma. Wengine watasema jaa linalisha maelfu ya wanaookota plastiki, vyuma na mifupa, na kulifunga ni kuwanyima riziki. Hoja hiyo ni nzito, na ndiyo maana Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inazitaka kaunti kuwa na vituo vya kutenganisha na kurejeleza taka. Waokotaji hao wanaweza kufanya kazi ileile kwenye vituo hivyo, chini ya paa na wakiwa na glavu. Kuwatumia maskini kama ngao ya kutofanya lolote ni kuwaumiza mara mbili, kwa kuwa ndio wanaovuta moshi kwanza.

Jirani ametuonyesha mwisho wa njia hii. Agosti 2024 jaa la Kiteezi, linalotumiwa na jiji la Kampala, liliporomoka na kuua zaidi ya watu 30. Hapo ndipo wakuu wa mamlaka ya jiji walipofutwa kazi na kufikishwa mahakamani. Uganda ilipata majina ya kuuliza, lakini baada ya mazishi.

Watetezi wa kinu cha nyuklia watajibu kwamba taka za mtaani si mionzi, kwamba nyuklia husimamiwa na kanuni za kimataifa, na kwamba Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia ya 2019 iliunda mamlaka ya udhibiti iliyo mbali na shirika linaloendeleza mradi. Hatua hiyo ni nzuri, kwa sababu inazuia kesi ya nyani kupelekwa kwa ngedere. Lakini tukumbuke kwamba NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, nayo iliundwa kwa sheria nzuri ya 1999, na katika kesi ya 2021 ilikuwa miongoni mwa walioshtakiwa. Sheria humpa mkaguzi kiti. Nguvu ya kusema hapana hutoka kwenye bajeti isiyotegemea huruma ya anayekaguliwa, ripoti zinazochapishwa na adhabu zinazouma. Los Alamos ilikuwa na wakaguzi wengi, na ngano bado ikaingia kwenye pipa.

Kwa hiyo kabla ya kumwomba mkazi wa Kilifi au Siaya aamini kinu, serikali ithibitishe uwezo wake Dandora, ambako teknolojia inayohitajika ni ya kawaida na sumu inajulikana. Itaje afisa anayewajibika kwa amri ya 2021, itangaze tarehe mpya, ichapishe vipimo vya hewa, maji na damu za watoto kila mwaka, na mkaguzi wa vipimo hivyo asiwe mwajiriwa wa kaunti. Wewe msomaji unayeishi Dandora, Korogocho au Kariobangi, mwandikie mwakilishi wako wa wadi umuulize jina la afisa huyo. Asipoweza kulitaja, basi nchi hii bado haijawa tayari kwa nyuklia.