Kitanda Juu ya Reli: Anasa ya Gari la Moshi na Njia ya Bungoma na Kitale

Anasa ya kusafiri huku umelala juu ya reli ilianza kupata sifa duniani tarehe 4 Oktoba 1883, gari la moshi liitwalo Orient Express lilipoondoka Paris kuelekea Constantinople, mji ambao leo huitwa Istanbul. Mwasisi wake alikuwa Mbelgiji Georges Nagelmackers. Alikuwa ameyaona mabehewa ya kulala ya George Pullman kule Marekani, akatamani Ulaya nayo iwe na hoteli itambaayo juu ya chuma. Mwanzoni safari haikuwa laini kama ilivyosifiwa, kwani abiria walishuka ukingoni mwa mto Danube, wakavuka, wakapanda gari jingine hadi Varna na kumalizia kwa meli. Reli ya moja kwa moja ilipatikana mwaka 1889. Agatha Christie alipotoa riwaya yake ya mauaji ndani ya gari hilo mwaka 1934, jina lake likawafikia hata watu wasiotarajia kuikanyaga Ulaya.

Hata hivyo, mkazi wa Bungoma au wa Kitale hana haja ya kwenda mbali hivyo ili aijue anasa hiyo na gharama yake. Kwa miongo kadhaa mabehewa ya kulala yalipita mlangoni pake.

Reli iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 ilifika Kisumu mwaka 1901, na kwa muda mrefu aendaye Uganda alilazimika kumalizia safari kwa meli ziwani. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza njia mpya ilijengwa kutoka Nakuru. Ilipanda hadi Timboroa, mahali penye urefu wa zaidi ya mita 2,700 kutoka usawa wa bahari, ikateremka Eldoret, Turbo, Webuye (iliyoitwa wakati huo Broderick Falls) na Bungoma, kisha ikavuka mpaka hadi Tororo. Ilifika Kampala mwaka 1931, daraja la mto Nile la Jinja lilipokamilika. Kitale ilipata tawi lake mwaka 1926, linaloachana na njia kuu pale Leseru.

Ramani ya reli hii yafaa kutazamwa kwa makini, maana inasema mengi kuliko hotuba za waliokuwa wakiizindua. Bungoma na Kitale ni majirani. Mlima Elgon huonekana kutoka miji yote miwili. Lakini anayetaka kutoka Bungoma hadi Kitale kwa reli hana budi kwenda mashariki hadi Leseru, kisha arudi kaskazini-magharibi. Reli haikukusudiwa kumpeleka Mbukusu kwa jirani yake. Njia kuu ilipindishwa ipite katika nyanda za walowezi wa Uasin Gishu, na tawi la Kitale likajengwa ili mahindi ya walowezi wa Trans Nzoia yafike bandarini. Mwanamume wa Bungoma aliyekwenda kuajiriwa katika mashamba hayo hakuwa na reli ya kumfikisha huko moja kwa moja.

Tuje sasa kwenye kitanda chenyewe. Chumba cha daraja la kwanza kilikuwa na vitanda viwili, kimoja juu ya kingine, na beseni la kunawia. Mchana kitanda cha chini kilikuwa kiti. Jioni ilipoingia, mhudumu alipita ujiani akigonga ala ndogo mfano wa marimba kuwaita abiria katika behewa la maakuli, ambako meza zilikuwa zimetandikwa vitambaa vyeupe, na vijiko na uma vyenye nembo ya shirika la reli vimepangwa tayari. Abiria walipokuwa wakila, mhudumu mwingine aliingia vyumbani na kutandika shuka na mablanketi. Asubuhi iliwakuta mbali, wamelala usingizi wao wote, na kazi yote imefanywa na mikono ambayo hawakuiona.

Katika Ulaya mlango wa anasa hiyo ulifungwa na bei. Katika Afrika Mashariki ya kikoloni ulifungwa na bei pamoja na rangi ya ngozi. Daraja la kwanza lilikuwa la Wazungu, la pili kwa kiasi kikubwa la Wahindi, na Waafrika walipangiwa la tatu, lenye mabenchi ya mbao yasiyo na kitanda. Abiria hao wote walivutwa na injini moja, wakapita Timboroa katika baridi ileile ya usiku, ila mmoja alikuwa chini ya blanketi na mwingine ameketi wima hadi kukapambazuka. Kosa la makala nyingi zinazoisifu reli ya zamani ni kwamba zimeandikwa kana kwamba kila abiria alisikia ile marimba ya chakula.

Haina maana kwamba wa daraja la juu walikuwa salama daima. Mwezi wa Juni mwaka 1900, afisa wa polisi Charles Ryall alilala ndani ya behewa lililoegeshwa stesheni ya Kima, akiwa na wenzake wawili, wakimvizia simba mla watu. Zamu ya kulinda ilikuwa yake, usingizi ukamshinda. Simba aliingia mlangoni akatoka naye dirishani. Behewa hilo lingalipo katika makumbusho ya reli jijini Nairobi.

Katika miaka ya 1950 shirika la reli lilinunua kutoka Manchester injini kubwa za mvuke aina ya Garratt, 34 kwa idadi, zikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Mojawapo iliitwa Mlima Elgon. Kwa uzito wake, kazi yake ilikuwa kati ya Mombasa na Nairobi, si katika reli nyepesi zilizoelekea mlima wenyewe.

Uhuru ulipokuja, ubaguzi wa rangi uliondoka mabehewani na bei ikabaki. Mwalimu au karani aliyejikusuru aliweza kulala katika daraja la pili, vitanda vinne kwa chumba, wanaume mbali na wanawake isipokuwa familia. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na shirika la reli likagawanywa vipande vitatu. Huduma ya abiria ya Nairobi na Kampala ilikatika, ikarejea kwa kusuasua, hatimaye ikakoma. Basi likachukua abiria wake. Mwaka huohuo wa 1977 gari la moja kwa moja la Paris na Istanbul lilifanya safari yake ya mwisho. Lakini tajiri mmoja, James Sherwood, alinunua mabehewa yake mawili mnadani Monte Carlo, akaongeza mengine, na mwaka 1982 akaanza kuwauzia watalii usiku wa zamani kwa bei ya siku hizi.

Usiku wa Bungoma haukupata mnunuzi. Garimoshi la usiku la Nairobi na Mombasa nalo lilikoma mwaka 2017, na Madaraka Express iliyochukua nafasi yake ilianza na viti tu. Wapo bado katika miji hii wazee waliotandika vitanda vile, na wengine waliokesha kwenye mabenchi ya mbao. Simulizi za hawa na za wale hazifanani, na mtafiti atakayekwenda kuzirekodi itambidi aanze kwa kumuuliza kila mzee alipanda behewa lipi.