Umri wa nahodha na stika za Sara: kwa nini watoto wetu wanakwama kwenye mafumbo ya hesabu

Jumamosi moja tulikuwa jikoni kwa jirani yetu hapa Uingereza, mama aliyetoka Tanga ambaye hufanya kazi za usiku, pale binti yake wa miaka 9 alipotuletea daftari la hesabu. Swali, kwa Kiswahili, lilikuwa hivi: Sara ana stika 12. Ana stika 5 zaidi ya Tom. Je, Tom ana stika ngapi? Binti alikuwa ameandika 17, na mwalimu ameweka alama ya kosa.

Mtoto huyu kujumlisha anajua, tena upesi kuliko sisi. Tulipomuuliza kwa nini amejumlisha, alitujibu bila kusita kwamba ukutani darasani kuna orodha ya maneno, na neno hilo la "zaidi" maana yake ni kujumlisha.

Wasomaji wetu mliosoma nyumbani mtaikumbuka orodha hiyo. Sisi tuliipata Tanzania tukiwa darasa la tatu: ukiona "jumla" au "zaidi", jumlisha, ukiona "bakia" au "pungua", toa, ukiona "gawana", gawanya. Mwalimu alikuwa na wanafunzi wengi na chaki kidogo, hatumlaumu. Lakini tulichofundishwa ni namna ya kulikwepa fumbo, siyo kulifumbua. Unavua namba mbili, unatafuta neno moja, unamaliza.

Matokeo yake yalionekana wazi Ufaransa mwaka 1979. Watafiti wa Grenoble waliwauliza watoto 97 wa shule ya msingi swali hili: Ndani ya jahazi kuna kondoo 26 na mbuzi 10, je, nahodha ana umri gani? Watoto 76 walitoa jibu, wakitumia zile namba za wanyama. Wengi tutacheka, lakini watoto hao hawakuwa wajinga. Walikuwa wamefundishwa kwamba kila swali la hesabu lina jibu, na kwamba jibu hupatikana kwa kuchanganya namba zilizopo.

Kinyume chake ni wale watoto wa sokoni Recife, Brazil. Utafiti uliochapishwa mwaka 1985 uliwafuata watoto watano wa miaka 9 hadi 15, wauza nazi na matunda. Wakiwa kwenye biashara zao walipatia asilimia 98 ya hesabu. Baadaye walipewa hesabu za namna ileile kwenye karatasi: zilipokuwa na hadithi walipatia asilimia 74, na zilipokuwa namba tupu asilimia 37. Mmoja wao, wa miaka 12, aliulizwa bei ya nazi 10 ikiwa nazi moja ni cruzeiro 35. Hakuongeza sifuri kama tunavyofundishwa shuleni. Alizihesabu tatu tatu: 105, 210, 315, kisha akaongeza moja, 350. Mtu aliyekwenda Kariakoo au Mwembe Tayari hatashangaa.

Kwa hiyo hadithi yenyewe siyo adui wa mtoto. Ikieleweka, humsaidia. Shida ni kwamba wengi wetu huku ughaibuni, mtoto akileta kazi ya shule, tunaiacha lugha yetu mlangoni na kuanza kumfundisha kwa Kiingereza cha kubahatisha, eti tusimchanganye. Hapo ndipo tunapomchanganya.

Yule mama alifanya vingine. Alimwambia binti yake afunge daftari. "Mwanangu, una maandazi 12. Umemzidi kaka yako kwa matano. Nani ana mengi?" "Mimi." "Basi yeye ana mangapi?" "Saba." Ikaisha. Angalieni neno "umemzidi": ndani yake yumo anayezidi na anayezidiwa, mtoto hana pa kupotelea. Neno "zaidi" peke yake halimwambii hivyo, liwe la Kiswahili au la Kiingereza.

Hatusemi Kiswahili kina uchawi. George Pólya, bingwa wa hisabati mzaliwa wa Budapest, aliandika mwaka 1945 kwamba hatua ya kwanza kati ya nne za kutatua swali ni kulielewa, na mtu huelewa kwa lugha anayoimudu. Ndiyo maana tunawahofia pia watoto wa nyumbani Tanzania, ambao wengi wao husoma hisabati kwa Kiswahili shule ya msingi, kisha wakiingia kidato cha kwanza fumbo linawajia kwa Kiingereza. Akikosa, tunasema hajui hesabu.

Mzazi anayetaka kujaribu aanze kwa kufuta namba. Asome: Sara ana stika, ana nyingi kuliko Tom. Nini kinatokea hapa? Nani ana nyingi? Mtoto achore mistari miwili, mrefu na mfupi, kama wanavyofanya Singapore tangu miaka ya 1980. Namba zirudi mwisho. Na jibu likipatikana, lirudishwe kwenye hadithi. Watu 40, daladala ya abiria 16, zinatakiwa daladala ngapi? Anayejibu mbili na nusu hajarudi kituoni. (Kondakta wa Mbagala atasema mbili zinatosha, hiyo ni hesabu nyingine.)

Zuri kuliko yote ni mtoto kutunga fumbo lake. Wiki iliyofuata binti alitusomea la kwake, kwa Kiswahili: "Mama anatoka kazini saa 12 asubuhi. Basi linachukua dakika 40 mpaka nyumbani. Mimi naamka saa 1, naondoka kwenda shule saa 2 na nusu. Tunakaa pamoja dakika ngapi?"

Mama yake, akiwa anakaanga vitunguu, alijibu papo hapo: "Dakika 110."

"Hukusikiliza, mama," alisema binti. "Ukifika mimi bado nimelala. Ni 90."