Bibi Salme na Nahodha Asiyekuwa Mpenzi

Miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa nikifundisha Kiswahili katika shule moja ya wasichana huko bara, niliwapa wanafunzi wa kidato cha tatu kazi ya insha. Kichwa kilikuwa "Usiku wa Kutoroka". Nilitarajia kusoma habari za mabweni, za ndoa za kulazimishwa na za mabasi ya usiku. Nilipoketi kusahihisha nilistaajabu. Karibu nusu ya darasa walikuwa wametorokea baharini! Wasichana ambao wengi wao hawakuwahi kuonja maji ya chumvi waliandika juu ya binti aliyefungiwa ngomeni, juu ya meli iliyotia nanga usiku wa manane, na juu ya nahodha mwenye macho ya upole aliyempokea binti huyo mikononi mwake kisha akang'oa nanga. Hadithi zote ziliishia pale pale: mapambazuko, sitaha, na ahadi ya ndoa.

Sikuwalaumu. Kisa cha nahodha na mwanamke mateka ni cha zamani, na vitabu vya mapenzi vinavyopitishwa kutoka dawati hadi dawati vimekikariri mpaka kikawa kama ada. Hata pwani yetu ya Afrika Mashariki imekwisha kutiwa ndani yake. Mwaka 1963 mwandishi Mwingereza M. M. Kaye alitoa riwaya iitwayo Trade Wind, ambayo mandhari yake ni Unguja ya mwaka 1859. Humo mna Hero Hollis, mwanamwali wa Kimarekani, na Rory Frost, nahodha anayefanya biashara ya watumwa. Nahodha huyo huyo ndiye anayemteka mwanamwali na kumwingilia kwa nguvu. Na kabla ya kitabu kufika tamati, msomaji anatakiwa akubali kwamba hayo nayo yalikuwa mapenzi. Pembeni mwa riwaya hiyo anapita binti mmoja wa Sultani, aitwaye Salme. Yeye si wa kubuniwa. Aliishi kweli, alitoroka kweli kwa meli, na meli hiyo ilikuwa na nahodha. Nikaona ni heri niwasimulie wanafunzi wangu habari zake.

Bibi Salme alizaliwa mwaka 1844 katika kasri la Mtoni, kisiwani Unguja. Baba yake alikuwa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Zanzibar. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria, naye ndiye mateka wa kwanza katika kisa hiki. Alizaliwa katika nchi ya Wacherkesi, kwenye milima ya Kaukasi. Wanyang'anyi waliivamia nyumba yao, wakawaua wazazi wake, wakawatenganisha watoto. Jilfidan alifika katika nyumba ya Sultani angali mtoto mdogo, wala hakuwaona tena ndugu zake. Hakuna nahodha aliyemwokoa huyo. Manahodha aliokutana nao walikuwa wale wa vyombo vilivyomleta.

Binti yake alikulia katika neema, lakini neema yenye mipaka. Wasichana wa kasri walifundishwa kusoma Kurani, kuandika hawakufundishwa. Salme aliiba elimu hiyo. Alichukua mfupa wa bega la ngamia, uliotumika mahali pa ubao, akawa ananakili herufi za Msahafu kwa siri mpaka mkono ukazoea. Elimu hiyo ilimponza mapema. Baba yake alifariki mwaka 1856, na miaka mitatu baadaye, Barghash alipotaka kumpindua ndugu yake Majid, wala njama walihitaji mtu wa kuwaandikia barua. Salme, msichana wa miaka kumi na mitano, akafanywa katibu wao. Njama ilishindwa. Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay, naye Salme akabaki amevunja udugu na nusu ya jamaa zake.

Ni katika upweke huo ndipo alipohamia mjini, akawa jirani wa mfanyabiashara kijana kutoka Hamburg, Rudolph Heinrich Ruete. Nyumba zilikaribiana, kutoka dirishani aliweza kuziona karamu za jirani yake. Ujirani ukazaa urafiki, urafiki ukazaa mapenzi, na mwaka 1866 Salme akajikuta ni mja mzito. Hebu fikiri, msomaji: binti wa Sultani, Mwislamu, ana mimba ya Mzungu Mkristo ambaye si mumewe! Jambo hilo lingeweza kumgharimu uhai.

Mwezi wa Agosti mwaka huo ikaingia sherehe ya Siku ya Mwaka, ambapo ada iliwaruhusu wanawake kwenda kuoga baharini usiku. Salme alitoka pamoja na wenziwe. Ufukweni ilikuwapo mashua ya manowari ya Kiingereza iliyoitwa Highflyer, iliyoongozwa na Kapteni Pasley. Akapanda. Manowari ikatweka kuelekea Aden, naye hakulala tena usiku hata mmoja katika nyumba yake ya Unguja.

Nilipofika hapo darasa lilikuwa kimya. Kisha msichana mmoja wa nyuma akainua mkono. "Mwalimu, huyo nahodha alimwoa?" Nikamjibu la, hakumwoa. Kapteni Pasley alimfikisha Aden, akarejea katika kazi zake. Msichana akakunja uso. "Basi alimtorosha kwa nini?"

Swali hilo nimelibeba miaka yote hii, maana linafichua yale ambayo hadithi za mapenzi huyafunika. Tumezoeshwa kuamini kwamba mwanamume hamvushi mwanamke bahari ila kwa kumtamani. Ukweli wa mwaka 1866 ulikuwa mwingine. Aliyeisuka safari ile hasa alikuwa mwanamke: Bi. Emily Seward, mke wa daktari aliyekuwa akikaimu ubalozi wa Uingereza kisiwani. Yeye ndiye aliyeiona hatari ya rafiki yake na kuitafuta njia. Mpenzi mwenyewe, Ruete, hakuwamo melini. Alibaki Unguja akiimaliza biashara yake. Salme alisafiri na mimba yake, akajifungua mtoto wa kiume huko Aden, akangoja kwa miezi. Mwezi wa Mei mwaka 1867 ndipo Ruete alipofika. Siku moja ilitosha kwa mambo mawili makubwa: Salme alibatizwa kwa jina la Emily, jina la yule rafiki aliyemsaidia, kisha akafunga ndoa. Mtoto wao akafariki njiani kabla hawajafika Ujerumani.

Wanafunzi wangu walitaka hadithi ikome pale Aden, siku ya harusi. Historia haikuwaridhia. Huko Hamburg walizaliwa watoto watatu, kisha mwezi wa Agosti mwaka 1870 Ruete akafariki kwa ajali ya tramu. Salme alikuwa na umri usiotimia miaka ishirini na sita, mjane mwenye watoto wachanga katika nchi ya baridi ambayo lugha yake alikuwa bado anajifunza. Akahama mji baada ya mji, akifundisha Kiarabu ili apate riziki. Sasa ule uandishi wa wizi, wa mfupa wa ngamia, ukawa ndio nguzo yake. Mwaka 1886 alichapisha kwa Kijerumani kitabu cha kumbukumbu za maisha yake, mojawapo ya tawasifu za awali kabisa za mwanamke Mwarabu kupata kuchapishwa.

Ilikuwapo pia safari nyingine ya manowari. Mwaka 1885 Bismarck, aliyekuwa Chansela wa Ujerumani, alikuwa akiikodolea macho bara ya Tanganyika. Salme aliletwa Unguja nyuma ya kundi la manowari za Kijerumani, akiamini kwamba amekuja kusaidiwa kudai urithi wake. Aliyekalia kiti cha usultani sasa alikuwa Barghash, yule yule aliyemwandikia barua za njama akiwa msichana! Barghash alikataa katakata hata kumtambua dada yake. Na Wajerumani je? Walipokwisha kumlazimisha Sultani ayakubali madai yao ya bara, haja yao kwa Bibi Salme ikaisha. Alikuja tena mwaka 1888, akarudi mikono mitupu. Alifariki mwaka 1924 katika mji wa Jena, akazikwa Hamburg, na kaburini mkatiwa mchanga kidogo wa Unguja aliokuwa ameutunza.

Hapa sina budi kusema jambo ambalo wapenzi wa kisa hiki hulirukia. Bibi Salme, ingawa ni binti wa mateka, alikuwa naye na watumwa, na katika kitabu chake aliutetea utumwa wa kwao dhidi ya lawama za Wazungu. Manowari za Kiingereza za wakati ule zilikuwa katika bahari yetu hasa kwa ajili ya kukamata majahazi ya watumwa. Mkataba wa mwaka 1845 ulikataza kuwapeleka Arabuni, lakini bado uliruhusu wasafirishwe ndani ya milki ya Sultani, na biashara ya kuwatoa Kilwa hadi Lamu ikaendelea mpaka mkataba wa mwaka 1873 ulipoikataza. Kwa hiyo manahodha waliowavusha wanawake waliokombolewa walikuwako wa kweli, tena wengi. Abiria wao walishushwa Aden, Bombay na Ushelisheli, na baadaye Frere Town, karibu na Mombasa, kijiji kilichoanzishwa na wamishonari katika miaka ya 1870. Hata leo mtu akishuka Kengeleni, Kisauni, anakanyaga ardhi yenye kumbukumbu hiyo. Wanawake hao nao walitoka utekani kwa njia ya bahari. Wengi walipewa majina mapya, na majina waliyopewa na mama zao yakapotea. Hakuna aliyewaandikia riwaya ya mapenzi.

Kwa nini basi hadithi ya nahodha mpenzi inadumu? Naona ni kwa sababu inatutuliza. Inatuambia kwamba aliyefungwa ana kazi moja tu, ya kungoja dirishani akiwa mzuri, na kwamba chombo kitakachotokea hakina safari yake mwenyewe. Kumbe kila chombo kina mwenyewe, na kila mwenyewe ana aendako. Manowari ya mwaka 1866 ilimfikisha Bibi Salme katika salama. Manowari za mwaka 1885 zilimtumia kisha zikamwacha. Kwa macho ya mtu aliye ufukweni zilifanana: milingoti, moshi, bendera. Tofauti ilikuwa katika nia ya waliozituma.

Sisemi mapenzi ni uzushi. Salme alimpenda Ruete, na Ruete alitimiza ahadi: alimfuata, akamwoa. Mtu hawezi kuisoma habari hiyo akayabeza mapenzi. Ninachosema ni kwamba mapenzi hayakuwa chombo chake. Kilichomvusha ni rafiki aliyeaminika, ada ya Siku ya Mwaka aliyoijua vyema, na ujasiri wa kutia mguu ndani ya mashua. Kilichomweka hai baadaye ni kalamu.

Walimu wenzangu, jambo hili si la kitabuni tu. Nani kati yetu hajapata kumpoteza mwanafunzi kwa "nahodha"? Kwetu bara huja na pikipiki, au na gari, au na ahadi ya kazi katika nchi za mbali. Binti ambaye nyumbani anaona kama kifungo humtazama mgeni huyo akidhani ni mkombozi, na hajafundishwa kuuliza chombo ni cha nani na kinakwenda wapi. Na riwaya ikimfunza kwamba anayemteka na kumdhulumu mwanamke hatimaye humpenda, basi riwaya hiyo haifai kuachwa ipite mikononi mwake bila mjadala. Kuipiga marufuku si dawa. Itasomwa chini ya blanketi. Tuisome nao mchana, darasani, kisha tuweke kando yake habari za Bibi Salme, na za Jilfidan, na za wale wa Frere Town, halafu tuwaachie wanafunzi waulize.

Yule msichana wa nyuma aliniomba daftari lake siku ile akaniletea insha mpya baada ya wiki moja. Binti wake alikuwa angali ngomeni, lakini nahodha alikuwa ametoweka. Mahali pake palikuwa na shangazi mmoja muuza samaki, na binti mwenyewe aliyekaa siku nyingi akihesabu saa za maji kujaa na maji kupwa, mpaka akajua ni usiku gani angeweza kupita kwa miguu. Insha ilikuwa na makosa matatu ya upatanisho wa kisarufi, na haikueleza mwisho binti yule alifika wapi. Niliyasahihisha makosa yale. Mwisho wake sikuugusa.