Hamisha matairi mapema: jeki moja na spea vinatosha

Kama una gari dogo la abiria, iwe Corolla inayobeba watu kati ya Nakivale na Mbarara au Probox ya Kakuma na Lodwar, huenda umeshaona kwamba matairi ya mbele huisha kabla ya yale ya nyuma. Si lazima uwe umeuziwa tairi bovu. Kwenye magari mengi ya aina hii, magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta gari, yanayokata kona, na yanayobeba sehemu kubwa ya kazi ya breki. Ya nyuma yanafuata tu. Ukiyaacha hapohapo, itafika siku una vipara viwili mbele na matairi mawili mazuri nyuma, na utalazimika kununua mawili kwa mara moja wakati pesa ya ada au ya chakula ndiyo iliyobaki mfukoni.

Dawa yake ni kuyahamisha, ya mbele yaende nyuma na ya nyuma yaje mbele, ili yote manne yaishe pamoja. Kipimo cha kawaida ni kila kilomita 8,000 hadi 10,000, na kwa barabara zetu za changarawe usipite 8,000. Gari linalotembea kilomita 100 kwa siku, siku 6 kwa wiki, linafika huko katika wiki 13 hivi. Andika namba ya kilomita kwenye daftari lako la mapato, usitegemee kichwa.

Kuhamisha hakuokoi kipara

Angalia ndani ya mifereji ya tairi. Utaona vinundu vidogo vya mpira vinavyokatisha mfereji. Kashata zikichakaa hadi zikalingana na vinundu hivyo, zimebaki milimita 1.6 na tairi hilo limekwisha. Madereva wengi hulisukuma nyuma wakisema nyuma hakuna kazi. Mvua ikinyesha, tairi la nyuma lililoisha huteleza kwanza na mkia wa gari unageuka kuja mbele. Hapo usukani hausaidii tena, na abiria wako wote wamo ndani. Ndiyo maana tunasema hamisha mapema, tofauti ikiwa bado ndogo. Ikiwa ya mbele tayari yanakaribia vinundu, usiyapeleke nyuma. Yatoe.

Tazama pia tairi limeliwa wapi. Likiliwa kingo zote mbili, limetembea na upepo mdogo. Likiliwa katikati, upepo umezidi. Likiliwa upande mmoja tu, magurudumu hayajanyooka na gari linahitaji alaimenti. Ukihamisha bila kurekebisha hilo, utakuwa umelipa kosa tairi la pili lile. Mabondemabonde kwenye kashata mara nyingi ni shokapu zilizochoka.

Kazi yenyewe

Unahitaji jeki (wengine wetu tunaiita kriki), spana ya magurudumu, mawe mawili makubwa au vipande vya gogo, kipande cha ubao mnene, na tairi la spea lenye upepo na la kipimo kilekile. Kama spea yako ni ile nyembamba ya dharura, inaweza kushikilia nafasi wakati gari limesimama, ila usiondoke nayo.

Wengi hudhani kazi hii inataka jeki mbili au gereji. Haitaki. Spea inakaa mahali pa tairi lililotoka, kwa hiyo unainua gurudumu moja kwa wakati. Kwa gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, anza nyuma kushoto: toa tairi, weka spea, shusha gari. Tairi ulilotoa lipeleke mbele kulia. Lile la mbele kulia liende nyuma kulia. La nyuma kulia liende mbele kushoto. La mbele kushoto ndilo linalorudi nyuma kushoto, unapotoa spea. Umeinua mara tano, na kila tairi limepata kwake. Ukiangalia vizuri utaona ya mbele yamerudi nyuma moja kwa moja, na ya nyuma yamevuka upande yalipokwenda mbele.

Kwa gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, kama Hiace, ni kinyume: ya nyuma yanakwenda mbele moja kwa moja, ya mbele yanavuka kwenda nyuma. Kama tairi lina mshale ubavuni, lizunguke kuelekea ulikoelekezwa mshale. Hilo halivuki upande, linabadilishana na la mbele au la nyuma yake tu. Na kama mbele na nyuma vipimo havifanani, usihamishe kabisa.

Jeki si ya kuaminiwa

Hapa ndipo watu wanapoumia. Chagua sehemu tambarare, ngumu, mbali na barabara, na watoto wasicheze karibu. Abiria na mizigo vishuke. Vuta breki ya mkono, tia gia ya kwanza (au P), kisha ziba kwa mawe, mbele na nyuma, gurudumu lililo kona ya pili, mkabala na lile unaloinua. Usiyadharau mawe hayo. Breki ya mkono kwa kawaida hushika magurudumu ya nyuma tu, na ukiinua gurudumu moja la mbele la gari linalovuta kwa mbele, gia haishiki tena: lile lililo hewani linazunguka bure na gari linaweza kutembea.

Legeza nati kidogo gari likiwa bado chini. Weka ubao chini ya jeki, kwa sababu udongo wetu hunywea, hasa baada ya mvua. Jeki ya gari dogo ina mahali pake: chini ya ukingo wa mlango, nyuma kidogo ya gurudumu la mbele au mbele kidogo ya lile la nyuma, pana alama ya mapengo mawili madogo. Gurudumu likishatoka, lilaze chini ya ukingo huo hadi utakapolihitaji. Jeki ikianguka, gari litaangukia tairi. Mkono wala kichwa chako visiingie chini ya gari, hata kuokota nati.

Wakati wa kurudisha, ncha ya nati iliyochongoka itazame gurudumu. Kaza kwa mkono kwanza, shusha gari, kisha kaza kwa spana ukiruka kutoka nati moja kwenda ile ya mkabala, usizifuate kwa duara. Toyota nyingi ndogo zinataka nyutoni mita 103. Kwa spana ya sentimita 35 ni kama kuning'iniza kilo 30 kwenye ncha yake. Kwa hiyo usiipande spana na kuirukia, wala usiiongezee bomba refu. Bolti iliyovutwa kupita kiasi hukatika baadaye, ukiwa njiani.

Ukimaliza, pima upepo matairi yakiwa yamepoa, kwa maana tairi limebadili mahali na huenda mbele na nyuma havitaki sawa. Kipimo kimeandikwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Magari yaliyotoka Japani huandika kPa: 200 ni PSI 29, na 220 ni PSI 32. Usisahau na spea. Baada ya kilomita 50 hadi 100 simama, uzikaze nati zote tena.