Pesa za walemavu Marekani: kwa nini ndugu zetu wanakataliwa, na avoka anasaidia nini

Kati ya maombi yanayoletwa redioni kuna moja linalorudi sana: mwombeeni mama yetu aliye Marekani, ni mgonjwa, hawezi kazi, na serikali imekataa kumpa pesa za walemavu. Tunaomba, na tutaendelea kuomba. Lakini jamaa nyingi hazijui biro ile inatafuta nini ndani ya dosie, wala kwamba barua ya kukataliwa iko na siku zake za kuhesabu. Basi leo tuelezane, ili ukipigiwa telefone usiku uwe na neno la kumwambia ndugu yako.

Biro yenyewe inaitwa Social Security, nayo iko na mifuko miwili. Wa kwanza, ulioanzishwa 1956, ni wa mtu aliyefanya kazi kule miaka ya kutosha huku mshahara wake ukikatwa kodi. Wa pili unaitwa SSI, ulianza kulipa 1974, nao ni wa maskini: mlemavu, kipofu, ao mzee wa miaka 65 na zaidi, hata kama hakufanya kazi kule. Mwaka 2025, SSI ilikuwa dola 967 kwa mwezi kwa mtu mmoja, na zinapungua akiwa na mapato mengine. Akiba yake haipaswi kupita dola 2,000. (Wewe unayefikiri kila aliye kule analalia dola, hesabu kwanza kodi ya nyumba.)

Mkimbizi aliyetoka Nyarugusu ao kambi nyingine anaweza kupata SSI, lakini kwa kawaida ni kwa miaka 7 tu, isipokuwa awe raia. Hapo wazee wengi wanakwama, kwa sababu uraia unataka mtihani wa Kiingereza. Kuna karatasi inayoitwa N-648, ambayo munganga anaijaza kuonyesha kwamba ugonjwa ndio unaomzuia mtu kujifunza. Ikikubaliwa, anaachiliwa mtihani huo. Uzee peke yake hautoshi.

Sasa tuje kwenye shina la jambo. Mbele ya sheria hiyo, ulemavu si jina la ugonjwa. Wanauliza: je, mtu huyu anaweza kufanya kazi yoyote ya maana? Na hali yake imedumu, ao itadumu, miezi 12 ao zaidi, ao itamletea kifo? Anayeweza nusu halipwi nusu. Na jibu wanalichukua katika maandishi ya waganga na katika maneno ya mgonjwa mwenyewe.

Hapo ndipo sisi watu wa Pentekoste tunajiangusha. Munganga anauliza: unajisikiaje? Mama anajibu: niko muzima, Mungu ni mwema. Kwetu hilo ni neno la imani. Munganga anaandika tu kwamba mgonjwa anasema ni muzima, na karatasi hiyo inaingia katika dosie. Kuna pia fomu inayouliza siku yako inapita namna gani, na inataja hata kanisa kati ya mahali unapokwenda. Mtu anaandika kwa furaha: naimba kwaya mara tatu kwa juma. Haandiki kwamba anapelekwa na gari la jirani, anaimba ameketi, na kesho yake hawezi kuamka kitandani. Aandike yote. Kusema maumivu yako jinsi yalivyo si kukana uponyaji. Yule kipofu Bartimayo alipoulizwa na Bwana anataka nini, hakusema anaona. Vilevile asiongeze hata kidogo: kudanganya ofisi hiyo ni kosa la jela, na ni dhambi.

Avoka anaingia hapo. Anakusanya maandishi ya waganga, anaona linalokosekana, anamwomba munganga aandike mtu anaweza kusimama dakika ngapi, kubeba kilo ngapi, kukumbuka nini, kisha anasimama naye mbele ya mwamuzi. Wengine wanasema kutafuta avoka ni kukosa imani. Paulo alitaja uraia wake mbele ya askari na akakata rufaa kwa Kaisari. Naye Mefiboshethi, kilema wa miguu yote miwili, alinyang'anywa mashamba kwa sababu mfalme Daudi alisikia maneno ya Siba peke yake. Alipofika kujieleza, mfalme alibadili hukumu.

Malipo yasiwaogopeshe. Kwa kawaida avoka wa kazi hii halipwi akishindwa, ingawa anaweza kudai gharama ndogo za makaratasi. Akishinda, anapata asilimia 25 ya pesa za nyuma, na mwisho wa Novemba 2024 kikomo chake kiliwekwa dola 9,200. Social Security yenyewe lazima ikubali malipo hayo. Kwa hiyo anayedai dola mkononi mbele ya kazi na kuahidi ushindi, mkimbieni, hata akiwa wa kabila lenu. Kuna pia ofisi za msaada wa sheria zinazotumikia maskini bure, na wakimbizi wanapokelewa. Mkalimani wa Kiswahili pia Social Security inamtoa bure. Mtoto wa shule asibebeshwe mzigo wa kutafsiri ugonjwa wa mama yake.

Barua ya kukataliwa ikifika, kuna siku 60 za kukata rufaa, tangu siku ya kuipokea. Wengi wanakasirika, wanaitupa, halafu baada ya miezi wanaomba upya. Wanaweza kupoteza pesa za miezi yote ya nyuma. Rufaa ya kwanza nayo ikikataliwa, wasikate tamaa: inayofuata ni kuonana na mwamuzi, na hapo mgonjwa anasikilizwa kwa mdomo wake.

Ninyi mlioko hapa mko na kazi pia. Kama ndugu yako alipasuliwa, alipigwa risasi, ao alilazwa hapa Kongo, nenda hospitali hiyo uombe nakala ya dosie yake, yenye tarehe na muhuri, umtumie. Na mama anayelipwa SSI akija kutuzuru, msimkawize: akimaliza siku 30 nje ya Marekani malipo yanakatwa, na hayarudi mpaka akae tena kule siku 30 mfululizo.