Mpiga Ngoma Aulizwe? Vijana wa Bendi za Gwaride na Maonyesho Wanayopangiwa



Wengi wetu hapa Marekani tukienda uwanjani siku ya futiboli yao tunaangalia bendi kuliko mchezo, maana mchezo wenyewe wengine mpaka leo hatujauelewa. Mimi napiga matoazi katika bendi ya chuo, huu ni msimu wangu wa tatu, na nikivua sare tu naulizwa swali lile lile na wenzangu wa nyumbani: yale maumbo na zile nyimbo nani anapanga? Na ninyi mnaopiga mnaulizwa? Jibu la haraka ni kwamba mara nyingi hatuulizwi. Kama ni haki au si haki, hilo linataka maelezo.

Tuanze na kazi yenyewe ilivyo. Onyesho la mapumziko ni la dakika chache tu, lakini kila mpigaji ana karatasi yenye orodha ya mahali pa kusimama. Uwanja umechorwa mstari kila yadi 5, nasi tunatembea hatua 8 toka mstari hadi mstari, yaani kila hatua ni inchi 22.5, mrefu na mfupi sawasawa. Karatasi yangu inaweza kusema: hatua 2 nje ya mstari wa 35, fika kwa hesabu ya 16. Nikiwa pale chini siioni nyota wala herufi tunayoichora. Namwona mwenzangu wa kulia na mgongo wa mpiga tromboni, basi. Umbo analiona aliye juu jukwaani, ndiyo maana kwata inachorwa kwenye kompyuta miezi mingi kabla, na anayeichora ni mtu mmoja au wawili. Hapo sina ugomvi. Watu 200 kila mmoja akileta wazo lake kuhusu hatua ya 6, tutagongana vichwa.

Tuliokulia Tanzania tunaijua hali hii kwa jina la halaiki. Watoto wa shule wanafundishwa wiki nyingi kwa ajili ya sikukuu za taifa, wanachora maumbo na maandishi kwa miili yao, na sijawahi kusikia mtoto akiulizwa angependa kuchora nini. Mwalimu na filimbi yake, imekwisha.

Mahali ambapo jambo hili limefika mbali ni kwenye vikosi vya ngoma na tarumbeta vya majira ya joto, vinavyoshindana chini ya Drum Corps International. Wapigaji ni vijana, umri wa mwisho miaka 21, nao hulipa maelfu ya dola ili wazunguke nchi kwa basi na kulala kwenye sakafu za shule za watu. Alama zote ni 100: 40 za mvuto wa onyesho kwa ujumla, 30 za muziki, 30 za mwonekano. Sasa itazame hesabu hiyo. Kabla kijana hajapuliza noti moja, sehemu kubwa ya zile 40 imeshaamuliwa mezani na wabunifu wanaolipwa. Kichekesho ni kwamba chama chenyewe kilianzishwa mwaka 1971 na viongozi wa vikosi waliochoka kupangiwa sheria za mashindano na vyama vya maveterani wa vita, American Legion na VFW, bila wao kusikilizwa. Mwaka uliofuata wakafanya ubingwa wao wa kwanza huko Whitewater, Wisconsin. Watu wazima walidai sauti wakaipata. Vijana bado wako kwenye foleni.

Wanaotetea utaratibu huu husema kijana amejiunga kwa hiari, anataka ushindi, na baada ya misimu michache ameshaondoka. Tena mbunifu mzuri anajua mengi ambayo mtoto wa miaka 18 hayajui. Yote kweli. Na ukitaka kuona hatari ya upande wa pili, nenda Stanford. Mwaka 1963 mwalimu wa bendi aliondolewa, wanafunzi wakagoma, na Arthur Barnes aliyeshika nafasi akawaachia waendeshe mambo yao wenyewe. Bendi ile haitembei kwata. Wanakimbia ovyo kutoka umbo moja hadi jingine, na utani wanatunga wenyewe. Ndio hao waliokuwa wameshaingia uwanjani mwaka 1982 wakidhani mchezo umekwisha, mchezaji wa California akapita katikati yao na mpira wa ushindi na kumwangusha mpiga tromboni. Raha tupu, we acha tu. Lakini mwaka 1997, siku ya kucheza na Notre Dame, chuo cha Kikatoliki chenye jadi ya Kiayalandi, walileta mzaha juu ya ile njaa ya Ireland ya karne ya 19 iliyoua watu kiasi cha milioni moja. Chuo kikabidi kuomba radhi. Mzaha ule haukutungwa na mwalimu. Kwa hiyo wanaosema kwamba vijana wakiachiwa kila kitu mambo yatakuwa safi, mimi simo.

Bendi za vyuo vya Wamarekani Weusi zina njia ya katikati, na mimi naipenda zaidi. Chukua Florida A&M, bendi aliyoijenga William P. Foster kuanzia mwaka 1946, ambayo mwaka 1989 ilipiga gwaride Paris kwenye sherehe za miaka 200 ya Mapinduzi ya Ufaransa. Katika bendi za namna hii mwalimu anashika muziki na kwata, lakini kwenye dansi wanafunzi wenyewe huwa na mkono wao. Ukiangalia unajua tu pale ni pao. Mabega yanacheka.

Sasa niseme lililonifanya niandike. Msimu wangu wa kwanza mada ya onyesho letu ilikuwa Afrika. Afrika nzima, jamani, ndani ya dakika 8. Muziki wa filamu ya simba mnayoijua, vinyago vya plastiki, na bendera moja yenye neno la Kiswahili lililokosewa herufi. Katika bendi nzima niliyezaliwa Afrika nilikuwa peke yangu. Nilimfuata mwalimu akanisikiliza vizuri, si mtu mbaya hata kidogo. Akanieleza kwamba mpangaji wa muziki ameshalipwa, ruhusa ya kutumia nyimbo imenunuliwa, vinyago vimefika, kwata imechorwa tangu Machi. Siku hiyo ilikuwa katikati ya Agosti, tuko kambini, jua la kuua. Kilichobadilika ni herufi moja kwenye bendera. Nikalicheza onyesho lile mara 4 mbele ya maelfu ya watu, na mbunifu hakuwepo hata mara moja. Sura iliyokuwa uwanjani ilikuwa yangu. Siku ya pili darasani nilikuwa mimi wa kuulizwa kama kwetu tunavaa vile.

Na tusijidanganye kwamba gwaride ni mambo ya Wazungu, basi tuwaachie wapange. Mwanzoni mwa karne ya 20 vijana wa Mombasa, Lamu, Tanga na Dar walichukua ngoma na matarumbeta ya kijeshi wakazigeuza beni. Makundi kama Marini na Arinoti yalijichagulia viongozi, yakajipa vyeo vya kijeshi, yakashona sare zao na kutunga nyimbo za kurushiana vijembe. Zanzibar beni bado huonekana kwenye harusi. Terence Ranger ameandika kitabu kizima juu yake, kilitoka mwaka 1975, kitafuteni maktaba.

Kwa hiyo mimi sidai kalamu ya kuchora kwata. Ninachodai ni kuulizwa mapema, kabla hela haijatoka, tena katika mambo yanayotugusa sisi: mada, mavazi, na chochote kinachomwigiza mtu au kabila la mtu. Baada ya msimu ule tuliomba wawakilishi watatu wakae na wabunifu mwezi wa Januari, na mwalimu akakubali. Hatuna kura ya kuzuia kitu, tunasema tu. Mwaka uliopita kulikuwa na pendekezo la onyesho la Wahindi Wekundu, manyoya kichwani na kila kitu. Mpiga filimbi mmoja ambaye ni Mnavajo akaongea kama dakika tano hivi, na pendekezo likafutwa palepale bila ugomvi na bila hasara ya senti moja, maana ilikuwa Januari.

Safari hii mada ni reli. Wanataka tuvae makoti mazito ya mafundi wa treni, na nimeshawaambia wajaribu kwanza wao kuyavaa mwezi wa Agosti.