Beji ya nyumba ya likizo haimjui mtoto wako

Likizo ya shule ikikaribia, mzazi anafungua Airbnb kutafuta nyumba ya siku tatu Zanzibar au Mombasa. Nyumba ni nyingi na muda hana, basi anaamuru aonyeshwe zenye beji tu. Zilizobaki zinatoweka.

Lakini beji inapima nini? Ile ya Superhost hupewa mwenyeji, si nyumba. Kila miezi mitatu hukaguliwa kama ana wastani wa nyota 4.8 kati ya 5, anajibu ujumbe kwa asilimia 90, haghairi ovyo, na kama amepokea wageni mara 10 kwa mwaka au wachache waliokaa muda mrefu. Guest Favorites, iliyoanza Novemba 2023, inaitazama nyumba yenyewe, ila nayo huegemea sana nyota za waliolala humo.

Kipimo ni kikali. Kati ya wageni 10, tisa wakitoa nyota tano na mmoja tatu, wastani ni 4.8. Akiongezeka mwingine wa tatu, beji iko hatarini. Na mama aliyefungua nyumba yake mwezi uliopita, akaziba ngazi kwa geti na kufunga vyandarua, hana beji kwa sababu hana wageni wa kutosha. Mzazi mwenzake hamwoni kabisa.

Tena nyota hutolewa na nani? Maharusi walio fungate wanalisifu bwawa lisilo na uzio, na wana haki. Kwa mtoto wa miaka miwili bwawa hilohilo ni hatari: Shirika la Afya Duniani linasema wenye umri wa mwaka mmoja hadi minne ndio wanaozama zaidi.

Hita ya gesi iliyofungwa bafuni nayo haionekani kwenye nyota. Gesi ya kaboni monoksidi haina rangi wala harufu. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, na familia inadhani ni uchovu wa safari.

Anza kutafuta bila beji. Chuja kwa kitanda cha mtoto na king'ora cha kaboni monoksidi, kisha mwandikie mwenyeji: bwawa lina uzio na mlango unaofungwa? Hita iko ndani au nje? Akijibu "usijali, ni salama", hajajibu. Mwombe picha kabla ya kulipa.